Dawa Isiyosikika

Ilianza Ijumaa, siku ya soko la mpakani, saa nane na dakika kumi mchana. Saa ninaijua kwa sababu redio ya Mukaka ilikuwa imemaliza kusoma matangazo ya vifo, na Mukaka, bibi yangu mzaa mama, haruhusu mtu kufungua mdomo mpaka matangazo hayo yaishe. Yalipoisha nikatoka kumwaga maji ya vyombo. Ndipo nikamwona mwanamke amesimama katikati ya kipandio cha kwenda nyumbani kwetu Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, begi moja begani, mkono umeshika mparachichi kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita. Alikuwa anapumua kwa mabega. Kila pumzi ilitoka na sauti nyembamba, kama mlango wa bati unaosukumwa na upepo. Akachomoa kitu cha bluu kutoka kifuani, akakitikisa, akakitia mdomoni, akakibonyeza. Akafumba macho. Alipoyafumbua, mabega yalikuwa yameshuka, na alikuwa ananitazama.

"Weye ni Biira?"

Nikaitika kwa kichwa. Wakati ule pia sikuwa mtu wa maneno.

"Mimi Kavira," akasema. "Basi tuko mutu moja."

Alikuwa mama yangu mdogo, aliyelelewa na ndugu za babu huko Beni, ng'ambo ya mpaka, tangu akiwa mtoto wa kunyonya, nami nilimjua kwa jina tu. Alichosema hakikuwa mzaha. Kwetu mtoto huitwa kwa zamu yake ya kuzaliwa, na binti wa pili upande huu wa mto wa mpakani ni Biira, upande ule ni Kavira. Maji yale yanavukwa kwa daraja fupi, jina likabadilika sauti, mtu akabaki yule yule. Mama yangu ni Masika, binti wa kwanza, na dada yangu pia ni Masika. Mimi na mama mdogo tulikuwa zamu moja.

Ninayaandika haya hapa Kasese, shuleni, kwa sababu nyuma ya ukuta wa bweni letu kuna mtu ameanza kukoboa kahawa. Wenzangu wanalalamika juu ya mashine, eti inawakatiza kusoma. Mimi kelele hainisumbui. Kinachonifikia ni harufu ya vumbi la maganda, harufu kavu yenye uchachu kidogo, kama karatasi iliyolowa juisi ikaanikwa juani. Ikiingia tu, kabla sijafikiri lolote, mkono wangu unatafuta mfuko wa sketi. Msichana wa kitanda cha juu ameniuliza mara nyingi ninatafuta nini. Labda siku moja nitampa daftari hili asome mwenyewe.

Mama Kavira, ndivyo nilivyomwita, alikimbia Beni kwa sababu ambazo watu wazima walizizungumza wakiangalia kwanza kama nipo. Alipewa nafasi kitandani kwangu; mama mwenyewe alikuwa Katunguru, ziwani, akiuza samaki, na alirudi Jumamosi tu. Begi lake hakulifungua lote. Lilikaa nyuma ya mlango, zipu imefungwa, na ndani, kama nilivyokuja kujua, kulikuwa na kitenge chake bora, rozari, viatu vya kanisani na picha moja iliyofungwa kwenye nailoni. Alitoa magauni mawili tu, akayavaa kwa zamu. Mukaka akamwambia alifungue hilo begi, hapa ni kwao.

"Mama," akajibu, "mutu mwenye alikimbia mara moja hafungui begi yote."

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa kahawa kwenye stoo moja chini ya barabara, akamtafutia kazi hapo hapo. Wanawake walikaa juu ya turubai wakipepeta na kuchambua, mashine ikitema maganda nyuma yao, na jioni walirudi nyusi zote zimegeuka rangi moja. Mimi nikitoka shule nilipitia pale kumsubiri. Nilipenda kumwangalia. Alikuwa na maneno kwa kila mtu. Wapakiaji walipomtania kwamba Wakongo wamekuja kuwamalizia kahawa, alisema, "Mimi nimekuya kuwafundisha kuoga." Walicheka, yeye akicheka nao, halafu kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa ile sauti ya mlango wa bati. Hapo alitoa pampu ya bluu.

Baada ya kuivuta mikono yake ilitetemeka. Mara ya kwanza nilidhani ni baridi, nikamletea shali. Mukaka alidhani ni ugonjwa unaotoka kwa kupitia vidole, akafurahi. Mwenyewe alinyoosha ile mikono mbele yetu na kusema, "Ona, nacheza rumba nimeketi." Akaweka kiganja changu kifuani pake. Moyo ulikuwa unakimbia kama kuku anayefukuzwa. Lakini alikuwa anapumua, na kwangu hilo lilitosha kuifanya ile bluu kuwa kitu kikubwa kuliko vyote nyumbani.

Jioni moja, Mukaka alikuwa anamchemshia kahawa nzito bila sukari, maana alishikilia kwamba kahawa hufungua kifua. Jirani alikuwa jikoni akisaidia kumenya ndizi. Mimi nilikuwa mlangoni na kuni. Mukaka akasema, bila kugeuka, "Hicho kifua ni cha akina Biira. Dada yangu Biira kilimkata pumzi bado msichana. Sasa huyu. Kinafuata zamu." Jirani akaguna. Nikaweka kuni chini polepole zisilie.

Hakuna aliyejua kwamba tangu msimu wa kahawa uanze nami nilikuwa ninakohoa. Kikohozi kilikuja nikilala, kikavu, kikikuna ndani kama unyoya. Kabla ya jioni ile kilikuwa kikohozi tu. Baada yake kilikuwa jina langu linaniita. Nilihesabu akina Biira: mmoja amekufa, mmoja anapumua kwa mabega, wa tatu amesimama mlangoni na kuni. Nikaamua moyoni, kwa akili ile ya utoto, kwamba kisichosemwa hakijaanza. Nilikohoa ndani ya blanketi. Nilijifunza kukimeza. Mwalimu akiniambia nikimbie na wenzangu, nilisema mguu unauma.

Lakini huwezi kulala kitanda kimoja na mtu ukamficha kifua. Asubuhi moja, akinisuka nywele uani, Mama Kavira akaniambia taratibu, "Kavira mudogo. Na weye unakohoa."

"Ni vumbi."

"Mi nalala na weye. Usinidanganye."

Nikaanza kulia, nikamwomba asimwambie mtu. Akauliza, "Juu ya nini?" Sikuweza kusema neno la akina Biira mbele yake, kwa kuwa ndani ya neno hilo na yeye alikuwemo. Akaniacha nilie, vidole vyake vikiendelea na kazi. Mwishoni akasema, "Basi. Kahawa ikiisha tutaenda wawili kwa musawo. Mi nitakuongelea. Weye utashika tu mukono yangu." Nikakubali, kwa sababu kahawa ilionekana haitaisha.

Kwa musawo, ndivyo tunavyomwita mhudumu wa afya, tulikwenda mapema kuliko hapo, lakini kwa ajili yake. Bluu ilikuwa haimfikishi tena jioni. Aliivuta akitoka nyumbani, akaivuta stoo, akaivuta njiani akirudi. Kituo cha afya kiko juu ya kilima, na musawo wa pale alikuwa mama mnene aliyekulia kambini, mtoto wa mwanajeshi. Lhukonzo, lugha yetu, hakuijua; Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Keti. Hapana inama, keti sawa. Vuta. Toa. Tena." Akaondoa kipimo masikioni. "Hii bluu unavuta mara ngapi?"

Mama Kavira akacheka, akasema anavuta ikimwita. Musawo hakucheka.

"Sikia, mama. Mrija ya hewa iko na misuli imezunguka yote. Na iko na neva. Neva ni kama askari ya pale mpakani. Vumbi inakuja, neva inapiga amri: funga! Misuli inakaza, geti inafunga. Bluu inaambia misuli, legea. Geti inafunguka, wewe unapita, unafurahi. Sivyo?"

"Ndiyo, dokta."

"Sasa barabara yenyewe. Ndani iko imevimba, iko nyekundu kama kidonda, iko na makamasi. Bluu haigusi hiyo. Hapana. Na vile imevimba, ile askari iko na hasira, hata harufu ya sabuni inatosha, anafunga tena. Wewe unapigia yeye kelele na bluu, kesho tena kelele, mwisho anazoea, hasikii." Akafungua kabati, akatoa pampu nyingine, ya rangi ya kahawia. "Hii ndiyo dawa kubwa. Hii inaponyesha uvimbe. Asubuhi, jioni, hata kama uko mzima. Kisha unasukutua mdomo. Polepole ndani ya wiki, askari anatulia. Umeelewa?"

Mimi nilielewa. Yaani nilielewa vile mtoto wa Bwera anavyoelewa. Nilikuwa nimeona geti la daraja likifungwa kwa sababu ya ugonjwa, watu wakipimwa joto kwenye paji la uso, mizigo ikioza juani. Nikaona kifuani mwa mama yangu mdogo mto, daraja, na mwanajeshi mwenye macho mekundu. Nikajiuliza kama askari wangu tayari amesimama, au bado ni kijana anayefundishwa kushika bunduki. Mama Kavira akauliza kuhusu kahawa ya Mukaka. Musawo akasema kahawa ni ndugu wa mbali wa vidonge fulani vya zamani vya pumu, kwa hiyo inafungua kiasi, "lakini kikombe haishindi gunia. Wewe unakunywa kidogo na unavuta vumbi yake siku mzima."

Njiani nilimshika mkono kwa nguvu. Nilitaka kumwambia nami nipelekwe ndani kabla hatujafika mbali. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Tulipofika kwenye mparachichi ilikuwa bado imo mdomoni.

Ile ya kahawia aliivuta siku chache. Nilimwona akikaa kitandani akiisubiri, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza mtu akija. Haikutetemesha mikono. Moyo haukukimbia. Kifua hakikufunguka pale pale. "Hii siisikie hata kidogo," akamwambia Mukaka. "Dawa yenye hausikie mu mwili, itajuaje fasi ya kwenda?" Lakini hakuidharau, na hapo ndipo msomaji anaweza kukosea. Aliiheshimu mno. Musawo alikuwa ameiita dawa kubwa, na mtu aliyetembea porini na watu wakimfia njiani anajua kitu kikubwa kinawekwa wapi. Aliifunga kwenye kitenge chake bora, akafungua zipu ya begi nyuma ya mlango, akaiweka kati ya rozari na picha.

"Hii ni ya siku mubaya," akaniambia. "Kintu ya nguvu haichezewi kila siku. Siku geti itafunga kabisa, tutatoa hii."

Ilikuwa na maana kwangu. Ilikuwa na maana kwetu sote. Mukaka mwenyewe alikuwa na sahani ambazo hatukuwahi kulia, na baba alikuwa na koti la harusi za wengine. Hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba kuna kitu ambacho nguvu yake yote iko katika kutumiwa siku nzuri. Niliposikia usiku sauti ya mlango wa bati, nilijifariji kwa kutazama upande wa begi gizani.

Siku mbaya ilikuja Alhamisi, mchana, jua likiwaka. Nilipofika stoo mashine ilikuwa imezimwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea saa zile, na kimya chake kilinitisha kabla sijaona kitu. Wanawake walikuwa wamemzunguka. Alikaa juu ya gunia, mikono imeegemea magoti, ngozi ya shingo ikiingia ndani kila anapovuta. Bluu ilikuwa chini karibu na mguu wake. Mpakiaji mmoja aliiokota akaibonyeza hewani, haikutoa kitu. Baba alikuwa barabarani akisimamisha boda. Mama Kavira aliniona. Hakuweza sentensi ndefu.

"Biira. Ile. Ya begi."

Nilikimbia. Mimi niliyekuwa nasema mguu unauma, nilipanda kile kipandio cha nyumbani bila kuhisi ardhi. Nilifungua zipu ambayo sikuwahi kuigusa, nikafungua kitenge, nikashuka nayo nimeikumbatia kwa mikono miwili kama yai. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo jambo ninaloliandika kwa shida zaidi. Nilikuwa nimebeba dawa kubwa, na mimi ndiye niliyeifikisha.

Aliivuta. Akangoja. Akavuta tena, na tena. Niliangalia mikono yake nikiomba itetemeke. Haikutetemeka. Akainua macho akanitazama, na usoni mwake hakukuwa na hofu. Kulikuwa na mshangao, kama mtu aliyefika mlango wa ndugu akakuta wamehama. Baba na wapakiaji wakamwinua, wakamweka kwenye pikipiki kati ya dereva na baba, kichwa chake kikalala mgongoni mwa dereva. Vumbi lilipotulia, nilikuwa nimesimama barabarani na ile pampu mkononi. Nilikuwa ninakohoa mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniangalia.

Walimrudisha kabla ya jua kuzama, kwa gari, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Mukaka alizima redio yake mwenyewe. Hakulia kwa sauti mpaka alipotamka jina, na alipolitamka alilitamka kwa namna ya kwetu, Biira, akalirudia, na mimi niliyekuwa nyuma ya mlango karibu na begi nikasikia kana kwamba ninaitwa.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa, soko tena, barabara imejaa watu wa ndizi na mafuta wakishuka darajani. Nilipanda kinyume chao mpaka kituo cha afya. Sikumuaga mtu. Nilikaa kwenye benchi mpaka musawo akanikuta mwenyewe.

"Wewe. Mtoto wa nani?"

Nikampa pampu ya kahawia. Akaitikisa karibu na sikio, akaisikia ilivyojaa, akaishika kwa muda. Habari ya jana ilikuwa imeshapanda kilima. Akaketi kando yangu, benchi likalia.

"Jina?"

"Biira."

"Biira, sema. Mimi siwezi kusikia kitu iko ndani ya tumbo yako."

"Ninakohoa," nikasema. "Usiku. Kama yeye. Ni kifua cha akina Biira, kinafuata zamu."

Akanigeukia. "Nani alisema hivyo?" Hakungoja nimtaje. "Inaweza kutembea ndani ya ukoo," akasema. "Hiyo ni kweli, sitakudanganya. Lakini haijui nani alizaliwa wa ngapi. Mimi ni wa sita kwa mama yangu, na niko nayo." Akatoa ya kwake mfukoni, ya kahawia, mdomo wa pampu umekwaruzika kwa kutumiwa, akanionyesha akairudisha.

Akamwita daktari msaidizi. Wakanisikiliza mgongoni, vuta, toa, tena. Wakaongea kwa Kiingereza. Musawo akafuta ile pampu ya Mama Kavira kwa pamba na spiriti, akachukua chupa tupu ya maji, akaitoboa kitakoni kwa wembe, akachomeka pampu humo ili dawa ifike kifuani. "Mchana nitashuka kwa mazishi, nitaongea na baba yako. Sasa weka mdomo. Vuta pole. Shika. Shika. Toa." Akaniuliza ninasikia nini.

"Hakuna."

"Sawa," akasema. "Jioni tena."

Akanipa kikombe. Nikasukutua, nikatema kwenye nyasi, nikashuka. Uani moshi ulikuwa umejaa, wanawake wameanza kumenya ndizi za msiba. Nikaingia chumbani, nikalivuta begi kutoka nyuma ya mlango, nikalifungua lote. Nikatoa viatu vya kanisani, rozari, kitenge, na picha, ambayo ilikuwa ya mama akiwa mtoto, amempakata yeye akiwa mchanga, nikavipanga kitandani upande wake. Begi tupu nikalisukuma chini ya kitanda. Pampu ya kahawia nikaiweka dirishani, karibu na kikombe, mahali ambapo hata mgeni angeiona.